Yai la kristali na misuli ya nyonga: namna ya kufanya mazoezi bila kujiumiza

Kabla hujaagiza yai la kristali, yaani jiwe lililochongwa umbo la yai ili liingizwe ukeni wakati wa mazoezi, jifunze kwanza kubana na kuachia misuli yako ya nyonga ukiwa huna kitu chochote ndani. Wengi huanza kinyume. Bodaboda analeta yai jioni, linaingizwa usiku uleule, linalala humo mpaka asubuhi, na baada ya mwezi mwenyewe anashangaa mbona mkojo bado unamtoka akikohoa. Jiwe halifanyi kazi yoyote peke yake. Anayefanya kazi ni msuli, na msuli huimarika kwa kubana, kupumzika na kubana tena, siku baada ya siku. Yai linaweza kukusaidia kuusikia huo msuli na kuupa uzito kidogo wa kushindana nao. Msaada wake unaishia hapo, na hata huo una masharti.

Maelezo haya ni ya mwanamke mtu mzima, mwenye afya, ambaye ameshajiamulia kulijaribu. Kama hujaamua, sehemu tatu za mwanzo zinakutosha, kwa sababu zoezi lisilo na yai ndilo lenye ushahidi mzito zaidi wa kitabibu.

Misuli yenyewe

Sakafu ya nyonga ni tabaka la misuli lililotandazwa kama chandarua, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kwenye kifandugu nyuma. Imebeba kibofu, mji wa mimba na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Njia ya mkojo, uke na njia ya haja kubwa zote zinapita katikati yake, ndiyo maana ikilegea huoni tatizo mahali pamoja tu: mkojo unachuruzika ukicheka au ukinyanyua ndoo, unashindwa kuzuia ushuzi, unahisi kitu kizito kinashuka ukeni ifikapo jioni. Mimba na uzazi wa njia ya kawaida huilegeza. Kikohozi cha muda mrefu, uzito mkubwa wa mwili, kujikamua chooni kwa miaka na kukoma kwa hedhi huilegeza pia.

Mwaka 1948 daktari wa Marekani Arnold Kegel alichapisha matokeo ya mazoezi aliyowafundisha wanawake waliokuwa wakivujwa na mkojo baada ya kujifungua. Watu wengi wanalikumbuka jina lake na kukisahau kifaa chake. Alikuwa na kipimo cha mgandamizo kilichoingizwa ukeni, mwanamke akabana huku akiutazama mshale unavyopanda. Kegel alijua kwamba ukimwambia mtu "bana" kwa mdomo tu, wengi watabana kusikohusika. Mwaka 1985 Stanislav Plevnik akaja na vidude vidogo vya mfano wa pia, vyenye uzito wa kuanzia gramu 20 hadi 100, ambavyo mwanamke anavizuia visidondoke huku amesimama. Yai la jiwe limo katika ukoo huohuo, ila halikutengenezwa kwa vipimo vya hospitali.

Kuupata msuli kwa mara ya kwanza

Lala chali, magoti yakunjwe, nyayo zikae chini. Pumua kawaida mara tano au sita. Sasa fikiria umebanwa na ushuzi mbele za wakwe, na hapohapo mkojo nao umekubana. Vuta matundu yote mawili kwa pamoja, kwenda ndani na juu, kuelekea kitovuni. Mvuto huanzia nyuma na kuja mbele. Kisha achia kabisa.

Huwezi kujua umefanya sawasawa mpaka upime. Osha mikono kwa sabuni, hakikisha kucha ni fupi, ingiza kidole kimoja ukeni mpaka pingili ya pili, halafu bana. Kidole kinatakiwa kuhisi kinakumbatiwa pande zote na kuvutwa kwenda ndani. Kikisukumwa nje, basi unajikamua badala ya kubana, na hilo ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu kila siku unayolifanya unaishusha misuli ile ile unayotaka kuipandisha. Asiyependa kutumia kidole atumie kioo kidogo: eneo lililo kati ya uke na njia ya haja kubwa linatakiwa kuingia ndani ukibana. Likituna, unasukuma.

Makosa mengine ni mepesi kuyagundua. Weka kiganja chini ya tako. Likikaza, umeyatumia matako. Magoti yakisogeleana, umetumia mapaja. Ukishindwa kuhesabu kwa sauti huku umebana, umeziba pumzi, na pumzi iliyozibwa inasukuma kila kitu kwenda chini. Hesabu kwa sauti katika wiki nzima ya kwanza, hata kama watu wa nyumbani watakushangaa.

Kuna ushauri maarufu wa kukata mkojo katikati ili kuujua msuli. Ukifanya mara moja kwa kujipima, sawa. Ukiugeuza kuwa zoezi la kila siku unakizoesha kibofu kutomwaga mkojo wote, na mkojo unaobaki ni nyumba ya maambukizi.

Upande wa kuachia haupewi heshima yake. Ukivuta pumzi mpaka tumbo linapanda, sakafu ya nyonga inashuka na kulegea, ukiitoa, inapanda. Fuata mwendo huo: vuta hewa ukiwa umelegea, toa hewa huku unabana. Msuli usiojua kulegea huuma, na wapo wanawake ambao shida yao ni huo ukazo. Tendo la ndoa linawauma, mkojo unaanza kwa taabu, haja kubwa haitoki vizuri, kifandugu kinauma wakikaa. Mtu wa namna hii akiambiwa abane zaidi anazidishiwa maumivu. Dada, kama hizo ndizo dalili zako, weka kando mazoezi ya kubana na yai pia, umwone mtaalamu wa fiziotherapia.

Wiki za kwanza, bila yai

Tafuta kiwango chako mwenyewe. Bana, hesabu mpaka usikie msuli unateleza. Kama ni sekunde nne, basi kipimo chako cha kuanzia ni nne. Pumzika sekunde nane, yaani mara mbili ya muda uliobana. Rudia mara nane. Malizia kwa mibano mifupi nane ya kubana na kuachia papo hapo. Seti hiyo inachukua dakika mbili hivi, nawe unaifanya mara tatu kwa siku. Mwongozo wa kitabibu unaofuatwa Uingereza nao unataka angalau mibano minane, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu isiyopungua. Kila wiki ongeza sekunde moja mpaka ufike kumi, na huna haja ya kuvuka hapo.

Ukitaka usisahau, funga zoezi kwenye jambo ambalo lipo tayari katika siku yako. Alfajiri kabla ya kushuka kitandani, mchana umekaa kwenye mwendokasi kutoka Kimara au unasubiri pantoni ya Kigamboni, usiku kabla ya kulala. Hakuna atakayejua unafanya nini, uso ukiulegeza.

Kuna tendo moja la kuzoea tangu wiki ya pili: bana *kabla* hujakohoa, hujapiga chafya au hujanyanyua kitu. Ndoo ya lita 20 ina kilo ishirini. Isogelee, kunja magoti, bana, anza kutoa pumzi, ndipo uinyanyue. Wanawake wengi huona tofauti hapa mapema, kabla msuli wenyewe haujanenepa, kwa sababu umefundishwa kuwahi.

Ni wakati gani sasa unafaa kufikiria yai? Ukiweza kubana sekunde nane kwa mara nane ukiwa umesimama, bila kuziba pumzi. Kwa wengi hiyo ni wiki ya sita hadi ya nane.

Asiyepaswa kutumia yai

Mjamzito asitumie. Mazoezi ya kubana bila kitu yanamfaa na anashauriwa kuyafanya, lakini yai hapana. Aliyejifungua asubiri arobaini ipite, damu ikauke, na mkunga au daktari amkague kwanza. Kama alichanika au aliongezewa njia, asubiri mpaka aambiwe kidonda kimepona. Kukandwa kwa maji ya moto na kufungwa kanga tumboni hakuujengi msuli huu, kwa hiyo kusichukuliwe kuwa mbadala wa mazoezi.

Mwenye kitanzi naye asitumie: nyuzi za kitanzi zinaning'inia kwenye mlango wa kizazi, na kuvutavuta huko karibu kunaweza kukihamisha. Usitumie ukiwa kwenye hedhi, ukiwa na fangasi, U.T.I., muwasho, kidonda au uchafu usio wa kawaida, wala baada ya upasuaji wowote wa nyonga bila ruhusa. Mwenye kizazi kinachoshuka aonwe kwanza. Aliyekeketwa na kushonwa asijaribu kabisa. Kovu halitanuki kama ngozi nyingine, linachanika. Aliyekoma hedhi na ana ukavu mkali apate kwanza tiba ya ukavu. Binti ambaye hajawahi kuingiliwa hana sababu ya kulitumia.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo lazima lisemwe. Shabu na vitu vingine vya kukaza vinavyouzwa kwa ajili ya ukeni vinakausha na kuchubua ngozi ya ndani. Jiwe juu ya ngozi iliyochubuka linaongeza michubuko, na michubuko ni mlango wa VVU na magonjwa mengine ya zinaa. Ukichagua yai, achana na shabu moja kwa moja. Na uke mkavu haujabana, umeumia.

Kulichagua

Yai la kawaida huuzwa kwa saizi tatu. Dogo ni kama milimita 30 kwa 20, la kati 40 kwa 30, kubwa 50 kwa 35 au zaidi. Anza na la kati. Watu hudhani dogo ndilo la mwanzo, kumbe dogo linahitaji mshiko mkali zaidi. La kati linagusa pande zote na msuli unalisikia bila taabu.

Jiwe linalofaa ni gumu, halinyonyi maji, na halitoi chochote likilowa. Jedi halisi (jiwe la kijani la mapambo) ya aina ya nefraiti ina ugumu wa 6 hadi 6.5 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, kinachoishia 10, nayo hujulikana kwa ushupavu: nyuzi zake zimesukana ndani, haipasuki ovyo. Kwatzi ya pinki ina ugumu wa 7 lakini mara nyingi ina nyufa ndogondogo ndani, na zikifika juu zinakuwa maskani ya bakteria. Obsidiani ni kioo cha volkano, ikivunjika inatoa makali kama wembe. Malakiti ina shaba ndani yake. Selenaiti ni laini kiasi cha kukwaruzwa kwa ukucha na inaliwa na maji. Hayo matatu ya mwisho usiyakubali hata kwa zawadi.

Mengi yanayoitwa jedi ni kioo cha rangi au jiwe laini la serpentini. Kuna kipimo cha nyumbani cha kuyatenganisha, nacho hakihitaji zaidi ya mizani ya jikoni ya kidijitali. Pima yai likiwa kavu. Weka bakuli la maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha lining'inize yai kwa uzi mpaka lizame lote bila kugusa chini wala pembeni. Soma namba. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Yai la gramu 56 likionyesha 19 ndani ya maji linakupa karibu 2.95, nefraiti inaangukia hapo. Likionyesha 22 unapata kama 2.5, yaani kioo au serpentini. Kwatzi ni 2.65, na mizani inayosoma gramu nzima nzima haiwezi kuitofautisha vizuri na kioo. Ukiwa na shaka ya rangi, sugua kwa pamba nyeupe yenye asetoni ya kufutia rangi ya kucha. Pamba ikipata rangi, jiwe limepakwa; lifanye pambo la kabati.

Yenye tundu na yasiyo na tundu? Tundu linakuwezesha kufunga uzi, na uzi unarahisisha kutoa na kuongeza ukinzani. Lakini ndani ya tundu hakusuguliki, na uzi unanyonya ute. Ukichukua lenye tundu, tumia uzi wa kusafishia meno usio na ladha wala nta, mpya kila mara, uutupe baada ya zoezi. Ukituuliza sisi, tunapendelea lisilo na tundu kwa mtu anayejua kulitoa, na zaidi ya hapo tunapendelea kidude cha silikoni ya kitabibu, kwa sababu hicho unaweza kukichemsha dakika tano ukakiamini. Jiwe la asili halina namna ya uhakika ya kulitakasa nyumbani. Hilo lijue unapolilipia.

Muuzaji akikuambia linatibu fibroidi, linasafisha kizazi au linarekebisha homoni, anadai ameuza kifaa tiba. Muulize usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, usikilize anavyojibu. Kampuni ya Marekani inayoitwa Goop ilikubali mwaka 2018 kulipa dola 145,000 kumaliza kesi iliyofunguliwa na waendesha mashtaka wa California, kwa sababu iliuza mayai ya jedi na kwatzi ya pinki kwa madai ya homoni, hedhi na kibofu yasiyo na ushahidi. Ile hadithi ya wauzaji kwamba malkia wa China ya kale waliyatumia mayai haya nayo haijasimama: mwaka 2019 daktari Jen Gunter na mtafiti wa mambo ya kale Sarah Parcak walichapisha matokeo ya kupekua kumbukumbu za vitu vya jedi zaidi ya 5,000 kwenye makumbusho, wasipate hata yai moja la namna hiyo.

Kuliosha na kulikagua

Maji ya bomba ya Dar huja na tope baadhi ya siku, na ya boza au kisima cha mtaani hujui yamepita wapi. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka uvuguvugu. Sabuni ya kipande isiyo na harufu, kiasi kidogo, sugua kwa vidole dakika moja, suuza mpaka utelezi uishe. Usilitumbukize kwenye maji yanayochemka: joto la ghafla hupanua ufa ambao hukuuona. Jiki, Dettol na spiriti vikae mbali, mabaki yake yanaunguza ngozi ya ndani. Na usijioshe ndani ya uke kwa sabuni kabla wala baada. Uke una bakteria wake wanaoulinda.

Ukaguzi ni kila mara, hata kama ulikagua jana. Chukua kipande cha pamba kavu, kivute taratibu kuzunguka yai lote huku umeligandamiza kwa kidole. Panapokuwa na ufa, hata usioonekana, nyuzi za pamba zinanasa na kubaki zimesimama pale kama nywele. Halafu washa tochi ya simu nyuma ya yai, uligeuze polepole. Mstari unaong'aa unaofika ukingoni ni ufa. Yai lililodondoka kwenye vigae limekwisha kazi yake, hata likionekana zima.

Likaushe kwenye hewa juu ya kitambaa kilichopigwa pasi, kisha lihifadhi kwenye mfuko wa pamba. Kwa unyevu wa Dar, mfuko wa plastiki uliofungwa unazalisha ukungu ndani ya siku chache.

Zoezi lenyewe

Mara tatu kwa wiki, siku zisizofuatana, dakika 10 hadi 15. Weka saa ya simu ikuamshe. Nenda haja ndogo kwanza, osha mikono, tandika kanga iliyokunjwa mara nne sakafuni mahali utakaposimama ili yai likidondoka lisigonge vigae.

Lipashe yai kwa maji ya uvuguvugu. Lala chali, magoti yamekunjwa. Lilowanishe kwa maji safi. Mwenye ukavu kidogo amuulize mfamasia jeli ya kitabibu inayoyeyuka kwenye maji. Mate yasitumike, yana bakteria wa mdomoni. Mafuta nayo huharibu kondomu na hukaa ukeni muda mrefu. Tanguliza upande mnene. Toa pumzi taratibu, legeza, na ulisukume kwa kuegemea ukuta wa nyuma wa uke mpaka lipite mlango, kama pingili moja na nusu ndani. Hapo ndipo misuli ilipo. Ukilipeleka juu zaidi linakaa pembeni ya mlango wa kizazi na hakuna kinacholishika. Maumivu yakitokea wakati wa kuingiza, simama hapohapo. Siku hiyo haifai.

Ukiwa bado umelala, bana ukilivuta yai kwenda ndani kwa sekunde tano, achia kwa sekunde kumi. Mara nane. Weka akili kwenye kuachia: unatakiwa ulisikie linashuka kidogo. Lisiposhuka, hujaachia.

Kisha simama juu ya kanga, miguu ipane kiasi cha mabega. Bana, hesabu tano kwa sauti, legeza nusu tu ili lisitoke, bana tena. Mara nane. Ukilimudu, chuchumaa robo tu huku unatoa pumzi na kubana, rudi juu. Mara tano. Mwisho kohoa mara mbili, ukiwahi kubana kabla ya kikohozi. Mwenye uzi anaweza kuongeza hili akiwa amelala: auvute kwa vidole viwili kwa nguvu ndogo mno, msuli ukatae kwa sekunde tatu, kisha vyote viachiwe. Mara tano zinatosha. Mvuto wa nguvu unachubua mlango wa uke.

Kama yai linakaa tu ukiwa umesimama bila wewe kufanya lolote, usijisifu. Mara nyingi limelala kwa upana juu ya misuli, limeegemea, na msuli haufanyi kazi. Hata vile vidude vya Plevnik vina kasoro hiyo. Liweke upya, na likirudia, chukua dogo zaidi. Kama linadondoka mara unaposimama, bado hujafika. Rudi kwenye zoezi la kulala kwa wiki mbili. Kutembea nalo dukani, kulala nalo au kwenda nalo kazini hakuongezi kitu. Msuli unaoshikilia bila kupumzika unachoka, unaanza kukaza ovyo, na ute unaokaa na jiwe kwa saa nyingi unalisha bakteria. Usiingie nalo chooni pia. Kwenye choo cha shimo litakwenda moja kwa moja.

Kulitoa: chuchumaa, fungua mdomo, toa pumzi kwa sauti, sukuma taratibu kama unayeanza haja kubwa. Likionekana, likokote kwa kidole. Baada ya hapo, kabla hujainuka, kaa dakika mbili katika mkao unaofanana na wa kusujudu, magoti yametanuka, na upumue mpaka chini ya tumbo. Watu wengi huliruka hili, nalo ndilo linalorudisha msuli kwenye urefu wake. Kama unatafuta utulivu wa nafsi kwenye zoezi zima, utaupata katika dakika hizo mbili za kupumua, uwe na jiwe au usiwe nalo.

Likigoma kutoka

Haliwezi kupanda tumboni. Uke ni njia iliyofungwa upande wa juu, na tundu la mlango wa kizazi ni dogo mno kwa yai. Hofu ndiyo inayolizuia, kwa sababu mtu akiogopa anabana. Tembea ndani ya nyumba nusu saa, oga maji ya uvuguvugu, chuchumaa tena, kohoa. Usitumie kijiko, koleo wala kibano cha nyusi. Likikataa baada ya majaribio mawili au matatu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Daktari wa wanawake analitoa kwa muda mfupi, na ameshaona vitu vya ajabu zaidi. Usikubali likeshe ndani.

Dalili za kuacha

Ukiona damu, ukisikia kuungua unapokojoa, au maumivu ya chini ya tumbo, acha yai na ukapimwe. Ute wenye harufu ya shombo ni alama ya bakteria wa uke waliovurugika. Ute mzito mweupe wenye muwasho mara nyingi ni fangasi. Tiba zake ni tofauti, usinunue dawa kwa kubahatisha. Homa ya ghafla, kutapika, kizunguzungu na upele unaofanana na kuungua na jua, vikitokea wakati au baada ya kutumia kitu chochote cha ndani ya uke, ni dharura: huenda ni sumu ya bakteria iliyoingia kwenye damu. Toa yai, nenda hospitali muda huohuo, umwambie daktari ulikuwa umeweka nini.

Ukifanya mazoezi miezi mitatu bila kukosa na mkojo bado unatoka, omba rufaa ya fiziotherapia. Hospitali za Muhimbili na CCBRT pale Msasani, Dar, zina vitengo hivyo. Uliza kama yupo anayeshughulika na nyonga za wanawake, na mwombe akupime kwa kidole jinsi unavyobana, kwa sababu maelekezo ya mdomo umeshayapata. Na kama mkojo au choo kinakutoka muda wote, usiku na mchana, tangu ulipojifungua kwa uchungu wa muda mrefu, hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu lililotoboka kati ya uke na kibofu au njia ya haja kubwa. Hakuna zoezi wala yai linaloziba tundu hilo. Linashonwa kwa upasuaji, na CCBRT wanaufanya bila malipo.